Uzi Mwekundu na Neno Nililopewa

Machi 2

Bismillah. Mwalimu ametuagiza kila mmoja awe na daftari, aandike mambo yake mpaka muhula uishe. Watu wakauliza, tuandike kwa Kiingereza? Akasema, "Andikeni kwa lugha mnayogombana nayo nyumbani. Kiingereza kitakuja chenyewe kikiona mko macho." Basi ndiyo mimi hapa, mtu mzima mwenye wajukuu, nimenunuliwa daftari na mume wangu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Huyu Mwalimu wetu wa madarasa ya jioni alikuwa mkalimani mahakamani miaka mingi, wala hafundishi kama wanavyofundisha shuleni. Leo amepita na kofia yake, ndani vikaratasi vilivyokunjwa. Unachukua kimoja, unakuta neno moja la Kiingereza, na hilo ndilo lako muhula mzima. Ulale nalo, uamke nalo, ulitafute kila mahali, na siku ya mwisho usimame mbele ya watu uwaambie umelikuta wapi na wapi. Fundi Saa, jirani yangu wa benchi, amepata "set". Mimi nimefungua changu nikakuta "run". Herufi tatu!

Nikasema, "Mwalimu, hili hata mjukuu wangu analijua. Ni kukimbia. Mimi nimeshamaliza."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akavua miwani. "Mama Dobi, mahakamani mimi sikuwahi kushindwa na neno refu. Maneno marefu yana maana moja na yanajivunia hiyo hiyo. Haya mafupi ndiyo yaliyonitoa jasho. Kaa nalo."

Nimerudi nyumbani nikamwambia Baba Watoto kwamba nimelipa ada ya kufundishwa kukimbia. Akasema, "Kwa magoti hayo?"

Machi 4

Leo nina nafasi, acha nieleze kwa nini nimekwenda shule uzeeni.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuna kazi yetu ya udobi. Chumba kimoja cha mabeseni na majiko, kimoja cha pasi, na uwanja wa pembeni wenye kamba. Sisi hatuandiki majina kwenye nguo. Kila mteja ana rangi yake ya uzi, tunamshonea ndani ya pindo, na kwa rangi hiyo ndivyo tunavyomjua. Wengine majina yao tumeshayasahau kabisa. Wifi atasema, "Kijani Mbili kajifungua, tazama nepi hizi." Au, "Zambarau haleti tena mashati ya mume, kuna nini pale?" Nasi tunamwombea Zambarau, na yeye hajui.

Sasa barabara ya juu imefunguliwa nyumba ya wageni. Mwenyewe ni mama kutoka ng'ambo, mrefu, nywele zote mvi, na hataki shuka ya rangi yoyote isipokuwa nyeupe. Wifi kampa jina Bibi Shuka. Ametupa vyumba vinne tumfulie kwa majaribio mvua zote hizi zinazokuja. Mvua zikikatika anafungua vyumba vyote kumi na viwili, na kazi ataipa mtu mmoja tu: sisi, au wale wenye mashine kubwa pale kwenye mzunguko wa barabara. Tukiipata tumepona. Tukiikosa tunafunga, maana mvua za mwaka jana zilituacha hoi, na za mwakani hatutazivuka bila kazi ya kudumu.

Shida ni kwamba Bibi Shuka hajui Kiswahili na sisi hatujui Kiingereza. Katikati yuko Msimamizi wake, bwana mmoja wa tai. Bibi Shuka ataongea mpaka chai ipoe, kisha Msimamizi anatugeukia: "Anasema sawa."

Wifi humwangalia. "Yote hayo ni sawa?"

"Sawa kabisa, mama."

Mimi nasema bwana huyu ana lake jambo. Nasikia ana rafiki kule kwenye mzunguko. Ndiyo maana nimejiandikisha. Siwezi kuacha riziki yetu ipite kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Machi 7

Mvua imeanza. Kamba za nje tumezitoa.

Machi 10

Darasani. Kwenye uwanja wa shule kuna bomba bovu, Mwalimu akalinyooshea kidole: lile linafanya nini? Linachuruzika, tukajibu. Akanitazama. "Mama Dobi, hilo nalo ni lako." Fundi Saa ana mafua, kamasi zinamtoka. "Na hilo pia lako." Basi la jioni likapita, nalo likawa langu. Mashine ya kusaga ya jirani ikiunguruma, langu. Soksi ya mama mmoja imefumuka mstari mpaka kisiginoni, langu. Mtu akigombea uongozi, langu. Mwenye duka akiendesha duka lake, langu.

Nikamwambia, "Mwalimu, huu ni ubahili. Sisi kila kimoja tumekipa jina lake. Wao wamewavisha wote shati moja."

"Tena wanapokezana," akasema.

Fundi Saa akasema tusilalamike, la kwake ni balaa. Jua likizama ni hilo, meza ikiandaliwa ni hilo, saa ikitegwa ni hilo, saruji ikikauka ni hilo. "Jana nimeota mke wangu amekauka kama saruji, nikamwandalia meza."

Tulipokuwa tunafunga mabegi Mwalimu akaniuliza, "Na nguo ikichuja rangi? Hilo nilitegemea uniambie wewe." Kumbe nalo ni hilo hilo! Nimecheka njia nzima. Miaka yote hii nimefuga neno la Kiingereza kwenye beseni langu bila kujua.

Machi 13

Mvua. Shuka zimekauka kwa pasi na feni. Nyumba nzima inanuka mvuke.

Machi 17

Leo nimerushiana maneno na Wifi. Uzi wa kijivu tuliomwekea Bibi Shuka umeisha, na sokoni kijivu hakuna, kaja na mwekundu. Nikamwambia mwekundu kwenye shuka nyeupe unanitia wasiwasi. Akasema kijivu hata yeye hakioni kwa giza hili la mvua, juzi nusura ampelekee Kijani Mbili foronya za wageni.

Tangu tuanze, sisi tuna sheria moja. Uzi mpya haugusi nguo ya mtu mpaka ulale usiku mzima ndani ya kikombe cha maji yaliyochemka pamoja na kitambaa cheupe. Asubuhi kitambaa kikiamka cheupe, uzi umefaulu. Kikombe ni kazi yangu. Lakini leo ni siku ya darasa, nikamwomba anifanyie.

"Nenda, mwanafunzi," akasema, mikono kiunoni. "Nitakuchemshia uzi. Nikufungie na maandazi ya mapumziko?"

"Unanicheka mimi?"

"Nakucheka wewe. Umri huu, mvua hii, kazi hii, mtu anakwenda kusomea neno moja! Wenzio wakizeeka wanasomea kufa vizuri."

Nimekwenda darasani nimenuna, sikusikia hata neno.

Machi 18

Nimeuliza habari za kikombe. Wifi akasema, "Kimepita." Alhamdulillah. Tumeshona uzi mwekundu.

Machi 24

Ya Rabi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya sala ya alfajiri nilianza kupiga pasi shuka za Bibi Shuka. Wageni wa wiki hii walikuwa watu wa safari ndefu, wamelala na vumbi lao, kwa hiyo jana Wifi alizifua kwa maji ya moto sana, si vuguvugu kama kawaida. Nikapiga pasi shuka mbili nikiwa najisomea zangu uradi, nikazikunja. Nilipofika kwenye kona ya shuka ya tatu nikaona doa la waridi. Dogo, saizi ya kifungo cha koti. Nikadhani macho yangu. Nikafungua zile mbili nilizokunja: waridi. Nikafungua zote nane. Kila palipo na uzi wetu, pana waridi.

Wifi akaingia na karai kichwani. "Mbona umeganda?"

Nikamnyooshea kona.

Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga. Nikamuuliza, "Wifi, kikombe kililala?"

"Kililala."

"Usiku kucha?"

Akatua karai. "Kililala... kilijinyoosha. Nilitia maji, nikachovya, nikatazama, nikatoa. Ulitaka nifanye nini? Shuka zinasubiri, mvua inanyesha, mikono ni hii miwili, na wewe uko shule unasoma kukimbia!"

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu daftari hili huenda wajukuu wakalisoma. Naye akanirudishia la kwake. Baba Watoto akatoka kwenye karakana yake na randa mkononi, akasimama mlangoni, akatutazama. "Mimi ni mume wa huyu na kaka wa huyu," akasema. "Hapa sina hata pa kukanyaga." Akarudi kwenye mbao zake.

Tukaacha kelele tukashika kazi. Tulifumua nyuzi zote. Tukachemsha, tukatia magadi, tukachemsha tena. Wifi hakumruhusu mtu yeyote asogee, alisimama juu ya sufuria mpaka vidole vimejikunja kama zabibu kavu. Kufika adhuhuri shuka sita zilikuwa zimetakata. Zile mbili nilizopiga pasi, basi. Pasi yangu ndiyo iliyoyachoma madoa yakashika. Yamefifia, lakini yapo, na mwenye macho atayaona.

Wifi akasema, "Tukunje kona kwa ndani. Mpaka azitandike, wiki imeshapita."

"Na akizitandika?"

"Tuseme zilikuja hivyo. Msimamizi atamwambia sawa."

Nikamwambia, "Kesho nitazipeleka mwenyewe, na nitasema mwenyewe."

"Kwa neno moja?"

"Ninalo moja. La kuanzia linatosha."

Akageuka akaenda kumwaga maji. Najua alikuwa analia, maana aliyamwaga kidogo kidogo.

Machi 25

Nimekwenda. Nilisali rakaa mbili, nikavaa viatu vya kufungwa, nikaziweka zile mbili juu kabisa ya furushi, zisionekane nimeficha kitu.

Bibi Shuka alikuwa kwenye meza yake ya mapokezi, Msimamizi pembeni. Niliikunjua kona mbele yao. Nikasema kwa Kiingereza changu, polepole, mkono kifuani: hii rangi, huu uzi, uzi wetu. Kisha nikalitoa neno langu, nikalisema vizuri kama nilivyofundishwa, huku nikipitisha kidole kutoka kwenye uzi hadi kwenye doa. Nikasema kosa ni letu. Sita nzuri, mbili mbaya, hizi mbili tutaleta mpya.

Bibi Shuka akavaa miwani. Akaitazama kona, akanitazama mimi. Kisha akaongea. Akaongea jamani! Nikamgeukia Msimamizi, nikisubiri ile "sawa" yake. Alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye tai. Akaniinamia.

"Mama yangu," akanong'ona, "hapo nimeachwa. Mimi naokota neno moja moja tu."

"Na zile sawa zako zote?"

"Alikuwa akitabasamu. Akitabasamu nasema sawa."

"Na leo?"

"Leo hatabasamu."

Mwenyezi Mungu anisamehe. Muhula mzima nimemwona mtu huyu kama nyoka, kumbe ni mwenzangu, anaogopa kupoteza kibarua chake kama mimi ninavyoogopa kupoteza changu.

Nikamwomba Bibi Shuka kwa mkono, taratibu. Akarudia, akikata neno neno. Alikuwa anauliza nani anaendesha udobi wetu. Nilimwelewa bila msaada wa mtu.

Sasa hapa niandike kweli. "Mimi" ilikuwa tayari ulimini. Hasira za jana nilikuwa nazo bado, na jibu hilo lingemweka Wifi kando na madoa yake. Lakini nikaviona vile vidole vilivyojikunja. Nikasema, wawili. Mimi na dada wa mume wangu. Nikainua mikono yangu, nikatikisa kichwa kwamba yake ni mizuri kuliko hii.

Hakuuliza nani alishona, na mimi sikusema.

Akasema kesho atakuja kumwona.

Machi 26

Kaja peke yake kwenye mvua, na mwavuli, bila Msimamizi. Wifi alikuwa amevaa gauni lake la harusini. "Kaja kutufukuza," akaniambia. "Bora nifukuzwe nimependeza."

Nikamwambia, "Mfanyie kikombe."

"Kikombe gani?"

"Kikombe, Wifi. Uliharibu shuka kwa ajili ya kikombe, mwonyeshe kikombe."

Akachemsha maji. Akaweka vikombe viwili, kila kimoja na kitambaa cheupe. Kimoja akatia ule mwekundu, kingine akatia kijivu, kipande cha mwisho alichokifumua kwenye foronya ya zamani. Akaanza kumweleza Bibi Shuka kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama vile ukipaza sauti lugha inageuka.

"Huyu mbaya! Umeona? Huyu mbaya! Huyu mzuri!" Maji ya kikombe kimoja yalikuwa yameshageuka kama juisi ya zabibu. "Inatakiwa ilale! Usiku! Mimi sikulaza!" Akajipiga kifuani. "Mimi! Si huyu! Huyu alikuwa shule!"

Sikutafsiri. Hata ningetaka, hayo yote nisingeyaweza. Lakini Bibi Shuka alikiangalia kile kifua kinavyopigwa, akanigeukia mimi, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akakibeba kikombe cha kijivu mpaka dirishani, akakitazama kwa muda.

Akanywa chai. Akaenda zake. Habari ya kazi hakutaja.

Wifi akavua gauni, akalikunja. "Sikujua kama hukunitaja," akasema.

"Hakuuliza."

"Angeuliza?"

"Ningekutaja. Sijui uongo kwa Kiingereza."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Aprili 2

Shuka za wiki zimekuja kama kawaida. Zile mbili zenye doa, nilizomwachia, hazimo. Mpya tulizonunua kumfidia amezirudisha.

Aprili 5

Mvua tena. Feni moja imeungua.

Aprili 9

Gari la wale wa mzunguko limeonekana getini kwa Bibi Shuka, linapakia mafurushi. Wifi hali. Nimemsogezea sahani nikamwambia, "Kula. Mungu hakutuvusha mvua zote zile aje atuangushe kwa waridi saizi ya kifungo."

"We una uhakika gani?"

"Ninao tu."

Na ninao kweli. Nimemwambia Mola yale yale niliyomwambia Bibi Shuka, na kote huko sijapunguza neno. Ninachofanya sasa ni kupiga pasi.

Aprili 14

Siku ya mwisho darasani. Wifi kaja kunisikiliza, kakaa mbele kabisa kama mgeni rasmi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaona tai. Msimamizi! Kajiandikisha muhula ujao. Mwalimu keshamchovyesha mkono kwenye kofia: kapata "get". Anauliza watu kama ni neno gumu. Fundi Saa kamwambia, "Pole sana, ndugu yangu."

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeandaa maneno mengi, bomba na basi na soksi. Nikaanza nayo, yakaenda vizuri. Halafu nikafika kwenye rangi. Nikatoa mfukoni kile kitambaa cha kikombe cha uzi mwekundu, nikakinyanyua wakione. Nikawasimulia habari ya uzi, nusu Kiingereza nusu kwetu. Wifi akawa anaongezea kutoka kwenye kiti chake, "Nilichovya tu! Nilichovya!" Watu wakapiga meza kwa kicheko.

Mwalimu akauliza mwishoni, "Hebu sema, Mama Dobi. Ulisema umeshamaliza siku ya kwanza. Umemaliza?"

Nikamwambia bado, ila sasa linanizoea.

Aprili 20

Jua! Toka asubuhi.

Bibi Shuka ametuita, mimi na Wifi, wote wawili. Msimamizi alikuwepo, akatuambia mapema, "Leo sisemi kitu, nasikiliza." Bibi Shuka akaongea taratibu, kwa ajili yangu. Wale wa mzunguko wamemfulia wiki mbili, shuka zao safi, nzuri. Lakini foronya tano zimepotea, na alipokwenda kuuliza nani anaendesha pale, kila mtu alimnyooshea mwingine. Kisha akasema vyumba vyote kumi na viwili ni vyetu, kuanzia Jumamosi.

Nikamtafsiria Wifi. Akauliza, "Yote hayo ni kazi yetu?"

Msimamizi akashindwa kujizuia. "Sawa kabisa, mama."

Aprili 25

Mafurushi ya kwanza ya vyumba kumi na viwili yamefika jana. Alama yao ni uzi mweupe wenye mafundo mawili, wazo la Wifi. Hauonekani, lakini kidole kinaujua. Hata hivyo aliulaza kikombeni usiku mzima, na asubuhi aliniita nikione kitambaa kwa macho yangu.

Ndani ya mafurushi tumezikuta zile shuka mbili. Hazikutupwa. Msimamizi anasema Bibi Shuka anazitandika kitandani kwake mwenyewe, na amesema zifuliwe na zingine kila wiki.

Wifi hakumruhusu mtu azishike. Kazifua peke yake, kazisuuza peke yake. Nilidhani ataanika kule nyuma, karibu na ukuta, mahali tunapoanika vya aibu. Nimetoka sasa hivi kuangalia kamba. Shuka za wageni zimejaa uwanja mzima, na zile mbili zipo upande wa barabarani, mbele kabisa, kona zenye waridi zimegeuzwa nje.